Mzani peke yake hautoshi kliniki ya kisukari, leteni na futi

Kliniki ya kisukari ninayohudhuria inaabudu mzani. Ukifika tu, kabla hujamaliza hata kusema shikamoo, umeshapandishwa, namba imesomwa kwa sauti mpaka foleni nzima imesikia, imeandikwa kwenye daftari, haya, anayefuata. Mimi ninaishi na sukari na riziki yangu ni cherehani, hapa hapa Mwanza. Tangu nianze kliniki sijaona mgonjwa hata mmoja akizungushiwa futi tumboni. Naona ni pengo kubwa, na la ajabu, maana kifaa chenyewe bei yake ni ya chenji.

Sisemi mzani utupwe. Kuna dawa ambazo dozi yake hufuata kilo, na mtu anayepungua ghafla lazima ajulikane. Shida yangu ni ile hesabu inayofuata baada ya mzani: kilo zako unazigawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ukipata 25 na kuendelea umezidi uzito, 30 na kuendelea una unene uliopitiliza. Mtu wa kilo 78 na urefu wa mita 1.70 anapata 27, basi anaambiwa apunguze, anakwenda zake. Asili ya hesabu hiyo ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, mtaalamu wa hisabati na nyota, ambaye alikuwa anamtafuta mtu wa wastani katika umma mzima. Hakuwa daktari na hakuwa na mgonjwa mbele yake. Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys ndiye aliyeipa jina linalotumika hospitalini leo, BMI. Hesabu hiyo haijui misuli ni ipi na mafuta ni yapi, wala mafuta yamekaa wapi.

Na kwa mwenye kisukari, hapo yalipokaa ndipo penye habari. Mafuta ya mapaja na nyonga hayana fujo sana. Ya hatari ni yale yaliyojificha ndani ya tumbo, yanayozunguka utumbo na kuingia mpaka kwenye ini. Hayo humwaga asidi za mafuta ambazo mshipa unaotoka kwenye utumbo huzipeleka moja kwa moja kwenye ini. Ini linakuwa sugu kwa insulini, homoni inayoshusha sukari, na kuendelea kutoa sukari hata pale isipohitajika. Presha nayo hupanda, na mafuta ya damu huvurugika. Kinachoua wengi wenye kisukari cha aina ya pili ni moyo na mishipa ya damu, kuliko sukari yenyewe. Utafiti wa INTERHEART, uliochukua watu zaidi ya 27,000 katika nchi 52, ulionyesha katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 kwamba uwiano wa kiuno na nyonga unaashiria shambulio la moyo vizuri zaidi kuliko ile hesabu ya kilo na urefu.

Sasa niingie kwenye fani yangu, maana hapa hata madaktari wanaweza kudanganywa. Ukimuuliza mwanaume kiuno chake, atakutajia namba ya suruali. Nina mteja wa siku nyingi, mwalimu mstaafu, naye ana sukari. Kila akishona anataka inchi 36 na anasema mwili wake haujabadilika. Kweli, suruali haijabadilika. Kilichobadilika ni pale anapoifungia: mkanda umeteremka mwaka hadi mwaka, sasa umekaa chini kabisa ya kitambi, na mimi ndiye ninayemkatia mbele fupi na nyuma ndefu ili ikae. Siku moja nikamwambia, "Mzee, hebu niruhusu nipime hapa juu, si kwa ajili ya suruali." Ikasoma 43. Akaitazama futi, akanitazama mimi. "Fundi, futi yako imekwisha hii."

Hakukosea sana kuitilia shaka. Futi za kitambaa huvutika zikitumika, na ile ncha ya bati iking'oka unapoteza kipande bila kujua. Fundi makini huilaza futi yake juu ya rula ya chuma mara kwa mara, na kliniki ingepaswa kufanya vivyo hivyo. Niliilaza mbele yake. Ilikuwa sawa.

Kupima kwenyewe hakuna ufundi mwingi. Simama wima, nguo iwe nyepesi au isiwepo. Tafuta mbavu ya mwisho kwa kidole, tafuta na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, futi ipite katikati ya hapo, ilale sawa pande zote na isikaze. Pumua kawaida, usome ukishatoa pumzi. Shida ni kwamba wanaume wakiona futi wanabana tumbo, kila mmoja. Mimi huwa nawauliza habari za Simba na Yanga. Wakianza kubishana, tumbo linajirudia lenyewe.

Kuhusu mipaka: kwa wanaume sentimita 94, karibu inchi 37, hatari imeanza kupanda, 102 imepanda sana. Kwa wanawake ni 80 na 88. Lakini tuambizane ukweli, namba hizo zimetokana na miili ya Wazungu. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipotoa mwongozo wake mwaka 2006 lilisema Waafrika wa kusini mwa Sahara watumie vipimo vya Wazungu mpaka takwimu zao wenyewe zipatikane. Wahindi na jirani zao walishapewa yao: 90 kwa mwanaume. Ndiyo sababu mimi naegemea kipimo cha nusu ya urefu, ambacho Uingereza ilikiingiza kwenye miongozo yake ya afya mwaka 2022: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mtu wa sentimita 170 abaki chini ya 85. Huhitaji hata kujua kusoma namba. Kata uzi wa urefu wako, kutoka unyayo mpaka utosini, ukunje mara mbili, uzungushe. Ncha zisipokutana, una kazi ya kufanya.

Kuna sababu nyingine ya kutaka futi, na hii ni ya kwetu zaidi. Kanda ya Ziwa mtu akikonda watu hawampongezi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa hili, na wazee bado wanakumbuka enzi watu walipokuwa wanaita ugonjwa huo Juliana. Mpaka leo ukipungua uso, majirani wa Kirumba au Igoma wanaanza kunong'ona, na mama mwenye sukari aliyeambiwa "punguza uzito" anaona ni heri abaki na kilo zake. Halafu kilo zenyewe zinapotosha. Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu, mwili unatafuna misuli. Mzani unashuka, muuguzi anafurahi, kumbe tumbo liko vile vile na kilichokwisha ni mapaja. Kinyume chake, mtu anayetembea kwa miguu kila siku, na sisi vilima vya mawe tunavyo mpaka vya kugawa, anaweza kupunguza mafuta ya tumboni bila kilo kushuka sana. Mzani ungemkatisha tamaa mtu huyo. Futi ingemwonyesha kazi yake.

Tahadhari moja kwa ndugu zangu wa mwaloni na visiwani. Huku kwetu si kila tumbo kubwa ni kitambi. Kichocho cha tumbo kimejaa kando ya ziwa, na kikikaa miaka kinavimbisha ini na bandama mpaka tumbo linajaa maji. Ukiona tumbo limetuna huku mikono na mashavu yamekwisha, usianze kupunguza ugali. Nenda hospitali ukapigwe picha ya tumbo. Wajawazito nao futi haiwahusu. Na anayechoma insulini asikate chakula kwa sababu ya namba ya futi kabla ya kuongea na daktari wake, sukari isije ikamshuka akaanguka.

Najua wauguzi watasema foleni ni ndefu. Ni kweli, nimekaa humo. Lakini kiuno hakihitaji kupimwa kila mwezi; mara mbili kwa mwaka ingenitosha mimi, kwa siku ile ile ya kuangaliwa miguu. Wanawake wapimwe nyuma ya pazia na muuguzi wa kike, au wapewe futi wajizungushie wenyewe, muuguzi asome tu. Na namba isisomwe kwa sauti. Kadi yangu ina nafasi tupu pembeni ya uzito. Nilimwomba muuguzi aandike hapo, akaniuliza kipimo nimekitoa wapi. Nikatoa futi mfukoni.