Seva ikifa Kongwa, nani ataufufua mfumo?

Kwa mafundi wengi wa mifumo hapa Dodoma, anayesimika programu ya wavuti kwa amri moja si fundi kamili. Fundi ni yule aliyekesha akipanga programu ambazo mfumo huzitegemea, yaani Apache, PHP na MySQL, kwa mkono, faili baada ya faili. Aliyeandika "docker compose up", amri moja ya programu ya Docker, akaenda zake kunywa chai anaitwa mbabaishaji. Wanayo hoja, nitaifikia. Ila wanachokipima ni ugumu wa siku ya kwanza tu, na mfumo hausimikwi siku moja ukaisha.

Husimikwa tena diski inapokufa. Husimikwa tena ofisi inapohama, na huu ni mji wa kuhama: tangu 2016 wizara zimekuwa zikija kutoka Dar es Salaam. Aliyewahi kuhamisha mfumo anajua kuwa kubeba mashine ndiyo kazi ndogo.

Chukua halmashauri yoyote ya wilaya, Kongwa au Chemba. Afisa TEHAMA ndiye huyohuyo anayetengeneza printa, anayeangalia mtandao na anayeitwa projekta ikigoma kikaoni. Mkandarasi aliyesimika mfumo ameshalipwa na simu hapokei. Kwenye seva kuna PHP 7.4, toleo lililoacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022, na hakuna anayethubutu kuligusa. Siku seva inapozima, nakala rudufu ya kanzidata ipo, tena ya jana usiku. Lakini ni kiendelezi gani cha PHP kiliongezwa? Faili gani la mipangilio lilibadilishwa, na mstari upi? Kazi ipi ilikuwa ikijiendesha yenyewe saa nane usiku? Yote hayo yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Data zimepona, mfumo umekufa, na mwananchi dirishani anaambiwa arudi wiki ijayo.

Hapo ndipo ninapoona kontena, yaani vifurushi vya Docker vinavyobeba programu pamoja na kila inachokihitaji, zimeeleweka vibaya. Tangu Docker itoke mwaka 2013 imesifiwa kwa wepesi, na wepesi huo umewafanya wazoefu waidharau. Faida kubwa ni kwamba maelezo yote ya usimikaji yamo kwenye faili fupi: toleo gani, bandari ipi (namba ya mlango wa mtandao), data zinakaa wapi. Afisa mgeni aliyeripoti jana anaweza kulisoma. Hata suala la bando, ambalo ni kweli kwa sababu kifurushi kimoja cha kontena huweza kufika mamia ya megabaiti, lina njia. Unapakua ukiwa mjini, unakihifadhi kwenye flashi kwa "docker save", ukifika wilayani unakipakia kwa "docker load".

Sasa hoja ya wazoefu, kwamba wepesi huficha hatari. Mapema mwaka 2017 maelfu ya kanzidata za MongoDB zilizokuwa wazi kwenye intaneti bila nywila zilifutwa na wahalifu, wenyewe wakadaiwa fidia. Waliozisimika walikubali mipangilio waliyoikuta. Docker nayo ina mtego wake: ukifungua bandari kwa njia ya kawaida, inaandika kanuni zake kwenye iptables, kichujio cha mtandao cha Linux, na kuipita ufw, faiawoli aliyoiwasha fundi. Fundi anaamini faiawoli imefunga 3306, bandari ya MySQL, kumbe dunia nzima inaiona. Kwa ofisi inayotunza majina na namba za wananchi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, hilo si dogo.

Lakini tazama dawa ilitoka wapi. Baadaye mwaka huohuo, MongoDB 3.6 ilikuja ikisikiliza mashine yake yenyewe tu mpaka msimikaji aamue vinginevyo. WordPress 3.7, programu ya kuendeshea tovuti, Oktoba 2013, ilianza kujisasisha yenyewe kwa marekebisho madogo ya usalama. Anayerahisisha akichagua vizuri, huwakinga hata wasiojua kuwa kulikuwa na hatari. Na mtego wa bandari? Andika 127.0.0.1, anwani ya mashine yenyewe, mbele ya namba yake, ndani ya faili lilelile, umekwisha.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na asimike kwa mkono walau mara moja, sibishi. Kwa halmashauri ningeongeza kipengele kimoja kwenye mkataba: kabla ya malipo ya mwisho, mkandarasi akae pembeni, afisa TEHAMA apewe seva tupu, lile faili na nakala ya data, ausimamishe mfumo mwenyewe. Akikwama, hundi isubiri.