Twende Sun City, ila mtu asikopeshe mtu

Katika grupu letu la WhatsApp limetajwa jina la Sun City, Afrika Kusini, kuwa ndiko tutakakokwenda kula bata mwisho wa mwaka. Mimi nimesema ndiyo siku hiyohiyo. Nimeweka sharti moja tu, na wenzangu wawili watatu wameliona gumu kuliko nauli: tukishaingia kwenye kasino, mtu asimkopeshe mtu. Hata randi kumi. Hata kwa dakika tano.

Naandika kulitetea sharti hilo kwa sababu najua si sisi peke yetu Dar es Salaam tunaopanga safari ya namna hii. Wazazi wakisikia neno kasino wanaona uhuni, na sibishani nao, wameona mengi. Ila kwa marafiki niliowaona wakisafiri pamoja hadi wakarudi hawasemeshani, chanzo mara nyingi kilikuwa deni. Aliyecheza akaliwa hela yake mwenyewe huwa anarudi nyumbani, ananuna siku mbili, yanakwisha. Aliyeliwa hela ya rafiki yake anarudi na mzigo mwingine kabisa.

Kwanza niseme tunakwenda wapi, maana mahali penyewe pana habari yake na inahusika na hoja yangu. Sun City ilifunguliwa Desemba 1979, kama mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Johannesburg. Pale palichaguliwa kwa sababu ya sheria. Serikali ya makaburu ilikataza kasino kwenye ardhi yake, lakini serikali hiyohiyo ilikuwa imemega vipande vya nchi na kuviita mataifa huru ya Waafrika. Kimoja kilikuwa Bophuthatswana, kilichotangaziwa uhuru mwaka 1977, uhuru ambao Umoja wa Mataifa ulikataa kuutambua. Tajiri wa mahoteli, Sol Kerzner, akajenga upande wa pili wa mpaka huo wa kuchora. Wikiendi Wazungu wa Johannesburg na Pretoria wakawa wanapanda magari yao kwenda kufanya kule mambo ambayo kwao yalikuwa marufuku. Wanamuziki wakubwa wakaitwa kwa fedha nyingi: Frank Sinatra alikwenda 1981, Queen wakaenda 1984, wakati Umoja wa Mataifa ukiwasihi wasanii waisusie Afrika Kusini.

Dar es Salaam wakati huo ilikuwa upande gani, tunajua. Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi huru za Afrika wa wakati ule, ilikuwa na makao yake hapahapa tangu 1963 mpaka ilipomaliza kazi 1994. Mazimbu, Morogoro, ANC, chama kilichopigania ukombozi wa Afrika Kusini, walikuwa na shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979, miezi minane kabla Sun City haijafungua milango. Leo majengo yale ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine na bado yana jina lake. Mwenzetu mmoja amesoma pale, nimemwomba atusimulie tukiwa kwenye basi kutoka uwanja wa ndege. Bophuthatswana ilirudishwa ndani ya Afrika Kusini mwaka 1994, na mpaka ule wa kuchora haupo tena, kwa hiyo sioni sababu ya kupasusa sasa. Ninachokitaka ni twende tukijua. Mtanzania kupiga picha pale bila kujua kwamba nchi yake ilisimama dhidi ya mpango uliopazaa, hiyo inaniuma.

Na habari hiyo inaeleza pia jinsi sehemu kama zile zinavyofanya kazi. Tangu mwanzo palijengwa kwa ajili ya mtu aliye mbali na kwao. Hapa mjini kasino zipo, zina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na wengi wetu hatujawahi hata kuzichungulia. Ukiwa hapa kesho kuna kazi, kuna ada ya mtoto, kuna shemeji anayeweza kukuona unatoka. Ugenini hayo yote yanalegea. Mtu anayebishana Kariakoo mpaka apunguziwe shilingi mia tano, akishika noti asizozizoea, usiku, katikati ya wenzake wanaocheka, anatoa tu. Ndiyo maana masharti yawekwe tukiwa bado Dar, mchana, kila mtu akiwa na akili zake za kila siku. Kule hayatawekwa.

Sasa fedha. Watanzania hatuna ugeni na kuchangishana. Kamati ya harusi ina mwenyekiti, mweka hazina na orodha ya ahadi, na inakusanya mamilioni kwa miezi michache bila mtu kuona haya kumkumbusha mwenzake. Halafu watu walewale wakipanga safari, bei inatajwa kwa mafumbo, "tutajua hukohuko". Katika kundi moja kuna mwenye mshahara wa shirika la kimataifa, kuna mwalimu wa sekondari, kuna anayeuza mitumba Karume ambaye mwezi mmoja anapata na mwingine hapati. Wote ni marafiki tangu shuleni, na wote wataona aibu kusema kiasi hiki siwezi. Msimamo wangu ni kwamba kiwango cha safari kipangwe na mwenye kipato kidogo kuliko wote. Aseme yeye kwanza, tena faraghani kwa mweka hazina, na chumba, chakula na siku za kukaa vifuate kauli yake. Mwenye uwezo zaidi akitaka chumba chenye mandhari, alipe tofauti yake kimyakimya. Mkifanya kinyume, mnamsukuma mwenzenu kwenye ile mikopo ya riba kubwa, kausha damu, ili apate picha nzuri za Desemba, na Januari atabaki nayo peke yake.

Kwa wenye pasi ya Tanzania viza haihitajiki kwa matembezi mafupi Afrika Kusini, hivyo hesabu inabaki tiketi ya ndege, usafiri wa kutoka Johannesburg, malazi, chakula na viingilio. Vyote hivyo vichangwe na vilipwe kabla. Hela ya kuchezea isiingie kabisa kwenye mfuko wa kundi. Hiyo ni siri ya kila mtu, kila mtu aibebe taslimu, na kadi ya benki ibaki chumbani.

Kwa nini nasisitiza taslimu na kadi kubaki? Kwa sababu hesabu ya kasino haina chuki wala upendeleo, na ukiielewa hutailaumu bahati. Chukua ruleti, ule mchezo wa kijipira kinachozungushwa kwenye gurudumu lenye namba, ya kawaida yenye sifuri moja: namba ni 37, kuanzia 0 hadi 36. Weka randi 10 juu ya kila namba. Umetoa randi 370. Kijipira lazima kitue mahali, kwa hiyo umeshinda, tena kwa uhakika: unalipwa randi 350 na ile 10 yako iliyoshinda unarudishiwa. Jumla 360. Umeshinda na bado umeacha randi 10 mezani. Hiyo ni asilimia 2.7 ya ulichoweka, na kwenye gurudumu lenye sifuri mbili, lile la Kimarekani, inapanda hadi 5.26. Hakuna aliyekuibia. Ndiyo bei ya mchezo, na inakatwa kila gurudumu linapozunguka.

Watu husema asilimia 2.7 ni ndogo. Ni ndogo kwa mzunguko mmoja. Tatizo ni kwamba hela ileile inazungushwa tena na tena. Kwenye mashine, zile ambazo ndugu zake mitaani kwetu tunaziita dubwi, ni mbaya zaidi, kwa kuwa mzunguko unachukua sekunde chache. Aliyeingia na randi 500, akabonyeza randi 10 mara mia nne, amepitisha mikononi randi 4,000, kwa sababu ushindi mdogomdogo anaurudisha palepale. Mashine ikibakiza tano tu katika kila mia, mia mbili zimekwenda na yeye anakumbuka kwamba alikuwa anashinda. Kwa hiyo ninachowaambia wenzangu ni kwamba hela ya kuchezea ihesabiwe imeshatumika kabla hatujapanda ndege, vilevile unavyohesabu kiingilio cha Uwanja wa Mkapa. Ukitoka nayo yote au nusu, alhamdulillahi. Ukitoka bila kitu, umelipia jioni.

Hapo ndipo mkopo unapoharibu kila kitu. Hela yako ikiisha, mchezo umekwisha, na huo ndio ulinzi pekee wa kweli ulio nao mle ndani. Rafiki akikupa randi elfu moja amekuondolea ukuta. Hatakuwa amekusaidia jambo lolote, maana hukuwa na njaa wala hukukosa nauli. Ulikuwa umefika mwisho, akakusogeza mbele ya mwisho. Na unapocheza kwa hela ya mtu unacheza vibaya zaidi, kwa haraka, ukitafuta kuirudisha kabla hajaiulizia.

Tena mtazame anayeombwa. Amesimama mbele ya wenzake, muziki unalia, rafiki yake wa tangu shule amemshika bega anasema nitakupa tukifika hotelini. Akikataa, ameitwa bahili na kwamba anambania mwenzake. Akitoa, tangu dakika ile haangalii tena mchezo, anaangalia hela yake kwenye mikono ya mwingine. Nawajua watu wawili ambao jambo hili liliwakuta. Hawakugombana wala hakuna aliyepaza sauti. Mmoja aliacha tu kuja kwenye kikoba, mwingine akaacha kumuulizia, na kwenye msiba wa mama wa mwenzao walikaa pande mbili za turubai. Kiasi chenyewe kilikuwa hakifiki hata mchango wa harusi ambao kila mmoja wao angemtolea mwenzake kwa furaha.

Kwa hiyo sharti lazima liwe la kundi. Likiandikwa kwenye grupu na kila mtu akajibu nimekubali, anayekataa kukopesha hakatai yeye. Hana haja ya kutunga uongo kwamba hata yeye zimemwishia. Anayetaka kukopa naye ameondolewa aibu ya kujaribu. Mwenzangu mmoja ameuliza, je, akishinda mtu hela nyingi, atununulie chakula? Hapana. Chakula kimeshalipwa. Ushindi ni wake, akitaka akamnunulie mama yake friji. Tukianza kudai sehemu ya ushindi, kesho yake tutatakiwa kubeba sehemu ya hasara.

Jambo lingine ni wale wasiocheza. Katika kundi letu wapo Waislamu ambao kamari kwao ni haramu na hawana mjadala nayo, yupo na mlokole, yupo ambaye hataki tu. Nimeona safari ambapo watu kama hao wanageuzwa walinzi wa mikoba, wanakaa kwenye viti vya mapokezi mpaka saa nane usiku wakisubiri wengine. Wamelipa nauli sawasawa na kila mtu. Hapa ndipo Sun City inanifurahisha. Sheria ya 1996 ilipofungua njia ya kasino Afrika Kusini nzima, Johannesburg ikapata zake, na Sun City ikabaki kutegemea zaidi vivutio vyake vingine: bwawa la mawimbi lenye ufukwe wa kutengenezwa, viwanja vya gofu, ile hoteli kubwa ya Palace of the Lost City ya mwaka 1992, na hasa hifadhi ya Pilanesberg iliyo jirani.

Pilanesberg ni ndogo, kilomita za mraba 550 hivi, wakati Mikumi yetu inapita 3,200. Lakini imekaa ndani ya duara la volkano iliyokufa zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, vilima vinazunguka pande zote, na ina faru weusi na weupe, ambao Mikumi huwezi kuwaona. Napendekeza siku zetu zipangwe kwa asubuhi. Gari la hifadhini liondoke alfajiri na kila mtu awemo, anayecheza na asiyecheza. Anayejua ataamshwa saa kumi na moja atajipima mwenyewe usiku. Mchana maji, jioni chakula cha pamoja meza moja, halafu anayetaka aende kasino na asiyetaka asilazimike kutoa maelezo.

Nimebakiza jambo zito kuliko yote, na hili halina sharti la kulitatua. Karibu kila kundi la vijana hapa mjini lina mmoja ambaye kubeti kumeshamshinda. Mnamjua. Mkeka wake wa kubeti ukichanika, yaani akiliwa, anakopa kuweka mwingine, simu yake imebadilika mara nyingi na kila mara inakuwa ya bei ndogo zaidi, kodi analipiwa na dada yake. Mkiwa na huyo, msiende Sun City. Msimwache nyumbani mkaenda wenyewe, na msimchukue mkidhani mtamlinda, kwa sababu hamtaweza kumlinda ndani ya jengo lililopangwa kumvuta. Badilisheni safari. Nendeni kisiwani Mafia: kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi papa potwe wanaonekana karibu na Kilindoni, boti inaondoka Nyamisati, na kwa hela ya tiketi za Johannesburg mtakaa siku nyingi zaidi. Wala msimwambie kwamba mmebadilisha kwa ajili yake.

Kwetu sisi bado tunazungumza. Nimemwomba mweka hazina ampigie kila mtu mmoja mmoja kabla tiketi hazijakatwa, amuulize mambo mawili, anaweza kiasi gani na anaonaje kuhusu kasino, na majibu yasirushwe kwenye grupu. Kama katika simu hizo atasikia jambo linalomtia wasiwasi kuhusu yeyote kati yetu, mimi nitakuwa wa kwanza kuandika kwamba naitaka Mafia.