Jinsi Nilivyomnywesha Baba Mkwe Kahawa kwa Mkono wa Kushoto

Baba mkwe wangu alisomesha chuo cha Kurani huko Unguja kwa miaka arubaini, na katika miaka yote hiyo kosa ambalo hakulisamehe hata siku moja lilikuwa ni mtoto kupeleka kitu kinywani kwa mkono wa kushoto. Bakora yake ilijulikana mtaa mzima. Alipotuarifu kwamba angekuja London kututembelea na kumwona mjukuu wake wa miaka sita, ambaye kwa bahati mbaya ni mashoto, niliona nimwandalie zawadi isiyouzwa dukani: sura yake mwenyewe, ichorwe kwenye bamba la shaba na kuchapwa kwenye karatasi kwa mbinu za Waingereza wa karne ya 18.

Wakati huo nilikuwa nimenogewa na William Hogarth, mchoraji na mchongaji wa London wa karne hiyo, kiasi cha kuwachosha watu wa nyumbani. Jumapili nyingi nilikuwa nikienda National Gallery kutazama michoro yake sita ya rangi iitwayo Marriage A-la-Mode, kisa cha ndoa ya kununuliana vyeo kwa pesa, kisha nikirudi nyumbani nailinganisha na kitabu changu chenye picha zilizochapwa mwaka 1745 kutokana na michoro hiyo. Niligundua kwamba aliyekaa kulia ukutani amekaa kushoto kitabuni, nami nikaamua, kwa kujiamini kwa mtu asiyejua, kwamba mpiga chapa wa kitabu alikuwa mzembe. Naomba msomaji alikumbuke hilo.

Nilichokihofia mimi kilikuwa ni dhihaka. Mwaka 1763 Hogarth alikwenda mahakamani Westminster akamchora John Wilkes, mwanasiasa aliyekuwa amemshambulia gazetini, na picha ilipotoka ilikuwa na makengeza yaliyokolea, wigi iliyosimama pande mbili kama pembe za shetani, na tabasamu la mtu ambaye mkoba wako anao tayari. Chini yake Hogarth aliandika kwa upole kwamba amemchora kutoka kwa mhusika mwenyewe, na ukweli ni kwamba Wilkes makengeza alikuwa nayo. Inasimuliwa kwamba baadaye Wilkes alikuwa akitania kwamba kila siku anazidi kufanana na picha ile. Baba mkwe wangu si mtu wa utani wa namna hiyo, kwa hiyo nilijiapiza kwamba yangu itakuwa ni heshima tupu.

Mkao niliuazima kwa picha nyingine ya Hogarth, ya mwaka 1746, inayomwonyesha Lord Lovat wa Uskoti, mzee mnene aliyeketi akihesabu kwa vidole. Mwaka uliofuata alikatwa kichwa kwa uasi. Nilichukua kiti, kitambi na utulivu wa mzee, nikaliacha suala la kichwa. Mkono wa kulia nikaupa kikombe cha kahawa na wa kushoto nikaupa bakora, kama ilivyokuwa kwenye picha aliyonitumia shemeji yangu.

Darasa nililojiunga nalo kujifunza uchongaji huo lilikuwa la jioni, na kipindi cha kwanza kilinipita kwa sababu ya zamu kazini. Kazi yenyewe ni hivi: bamba la shaba nyekundu hupakwa nta nyembamba, ukachora juu ya nta kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha ukalitumbukiza katika asidi ambayo hula pale tu palipokwanguliwa, na mifereji hiyo ndiyo inayoshika wino. Nta hainati penye mafuta. Nilielezwa hivyo waziwazi, nikatikisa kichwa kukubali, na dakika kumi kabla ya kupaka nta nilikuwa nimemaliza sambusa mbili na kulishika bamba katikati, mahali hasa palipokusudiwa uso.

Mwalimu alipita akaniuliza kama nimekumbuka kugeuza. Nilijibu kwamba ndiyo, kwa kuwa bamba nilikuwa nimeligeuza mara mbili kulikausha mgongo. Aliridhika, akaenda kwa mwingine.

Chini ya picha nilichonga kwa herufi kubwa neno MAALIM, na chini yake jina langu na tarehe, kwa sababu sheria aliyoipigania Hogarth ili picha zake zisiibwe na wauza nakala, iliyoanza kutumika mwezi wa Juni 1735, ilitaka kila bamba lionyeshe mwenye mali na siku ya kutolewa, ndipo alindwe kwa miaka 14. Nani angeiiba picha ya baba mkwe wangu sikujiuliza. Kisha wino ulipakwa na kufutwa kwa kitambaa, karatasi mbichi ikalazwa juu, mashine ikazungushwa, na karatasi ilipofunuliwa wote walipiga makofi. Mimi nilitekwa na ndevu. Zilikuwa ndevu nzuri mno, kila unywele na mfereji wake, hata sikutazama kitu kingine. Vile vidoadoa vya usoni nilivichukulia kuwa ni kivuli.

Siku ya pili ya kuwasili kwake, baada ya chakula cha mchana, nilimkabidhi ikiwa ndani ya fremu. Alivaa miwani, akaishika mbali kidogo, akaitazama kwa muda mrefu.

“Huyu nani?” aliuliza. “Masikini, ndui imemla vibaya.”

Nilipotaka kujibu alinyoosha kiganja kuninyamazisha, kwani alikuwa ameona jambo kubwa zaidi.

“Na ndevu zote hizi, tazama, anakunywa kwa kushoto! Bakora anayo mkononi mwenyewe, mkono wa kulia, na hakuna wa kumchapa. Mtu huyu hakusomeshwa kabisa.”

Ndipo nilipoona. Bamba na karatasi hutazamana kama mtu na kioo chake, kwa hiyo kila cha kulia huwa cha kushoto. Wachongaji wa enzi ile walilijua hilo kama wanavyojua majina yao, wengine wakiiweka picha mbele ya kioo na kuichonga kama inavyoonekana humo. Hogarth mwenyewe aliichora ndoa ile ikiwa imegeuka tangu rangini, ili karatasi ndiyo ije kuiweka sawa. Mpiga chapa wa kitabu changu hakuwa na kosa lolote.

Nilijifariji kwamba angalau jina nalo limegeuka, hivyo hatalitambua. Nilisahau ninazungumza na nani. Mtu aliyesoma kuanzia kulia kwenda kushoto maisha yake yote aliweka kidole kwenye herufi ya mwisho, akakitembeza taratibu kurudi nyuma, herufi kwa herufi, bila taabu yoyote.

“Ma… a… lim,” alisoma. Akanyamaza. “Lamu, hii L, imekaa kinyume, lakini yaliyobaki ni sawa.”

Mke wangu alikimbilia jikoni. Nilimsikia akifungua bomba la maji kwa nguvu, na maji hayakuficha kitu. Mwanangu akasogea, akaitazama picha, akamtazama babu yake.

“Babu, wewe mbona huchapwi?”

Tangu hapo, kila alipokemewa mezani, mtoto hakujibu neno. Aliinyooshea kidole picha tu. Siku ya nne baba mkwe aliniamuru niitundike ukumbini, ikielekeana na kioo kikubwa cha mlangoni, na wageni wote aliwaelekeza waitazame kwenye kioo. Humo, sina budi kukiri, anakunywa kwa mkono wa kulia, na jina linasomeka. Kuhusu ndui aliwaambia kwamba ni tetekuwanga za utotoni.

Mtoto naye hakuchelewa. Sasa biskuti zake huenda kuzilia mbele ya kioo hicho hicho, kwa mkono wa kushoto, na babu akifungua kinywa humwambia: “Tazama kwenye kioo, babu.”