Acheni Kutuambia Linux ni ya Bure

Wanaoipigia debe Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, karibu wote huanza na hoja moja: ni ya bure. Kwa mtu wa Ulaya hoja hiyo huenda ina uzito. Kariakoo haimshtui mtu, maana huku hata Windows ni ya bure. Unampelekea fundi laptopu, anachomeka flashi, anakupigia Windows na Office iliyokrakiwa juu yake, unamlipa ufundi wake basi. Ukimjia mtu huyo na habari za mfumo usio na gharama atakuuliza: kwani huu niliulipia?

Mimi natumia Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, kila siku, na sababu zangu ziko mbali na bei.

Kubwa kuliko zote ni umri wa mashine. Laptopu zetu nyingi ni zile zilizokwisha kutumika maofisini ughaibuni: ThinkPad, Latitude, EliteBook. Ni ngumu, zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida, RAM na diski unabadilisha mwenyewe. Sasa, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambazo, kwa Intel, karibu zote ni za kizazi cha nane kwenda mbele. ThinkPad T450 ya mwaka 2015 ina prosesa ya kizazi cha tano. Imeachwa nje, na haiumwi chochote. Fundi atakwambia anaweza kuilazimisha Windows 11 iingie, na kweli anaweza, ila Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masasisho. Mashine hiyohiyo ukiiwekea SSD, yaani diski ya kisasa yenye kasi, na RAM ya GB 8, Mint 22 inakimbia vizuri, na masasisho yake ya usalama yataendelea hadi 2029.

Halafu kuna bando. Mint inakuonyesha masasisho yaliyopo na ukubwa wa kila moja, kisha inasubiri uamue. Haiyapakui kwa siri wakati umewasha intaneti ya simu ili utume barua pepe moja tu. Kwa sisi tunaohesabu MB, hiyo ni heshima.

Na flashi zetu! Kila aliyepita steshenari anavijua vile virusi vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato za uongo mahali pake. Chomeka flashi hiyo kwenye Linux: mafolda yako yote yapo, yanaonekana, na kirusi kiko pembeni kimekaa kama faili lisilo na kazi. Watu wengi wamelipia huduma ya kurudisha mafaili ambayo hayakuwa yamepotea.

Sitadanganya kwamba ni ya kila mtu. Mchora ramani anayeishi ndani ya AutoCAD abaki alipo, na anayetegemea Photoshop vilevile. Mhasibu mwenye Excel iliyojaa makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, asijaribu kabisa mwisho wa mwezi. LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Linux, inafungua faili la Word, lakini jedwali likiwa gumu mistari huruka, kwa hiyo CV ikienda kuchapishwa steshenari ihifadhi kwanza kama PDF. Baadhi ya kadi za Wi-Fi, hasa za Broadcom, hugoma mwanzoni. Hapo chomeka simu ya Android kwa waya, washa kushiriki intaneti, upakue draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi hiyo. Kuomba kazi kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, au mkopo wa chuo ni mambo ya kivinjari, na Firefox ni ileile.

Jambo linalonishangaza ni kwamba tabia yetu ya kugawiana programu kwa flashi, ile tunayoambiwa ni wizi, kwenye Linux ni haki yako kisheria. Leseni ya GPL, ambayo Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, aliitoa mwaka 1989, inakuruhusu kunakili, kugawa, kubadilisha, hata kuuza. Mmoja anapakua Mint, kama GB 3 hivi, kwa bando la usiku, mtaa mzima unanufaika. Ni uhuru wa aina hiyo uliowawezesha watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Kwamba leo ni wachache wanaoikumbuka ni aibu yetu wenyewe.

Kwa maoni yangu, Linux haijaenea huku kwa sababu fundi haijui. Mtu wa kawaida haweki mfumo mwenyewe, iwe Windows au kingine chochote. Anachagua fundi, na fundi ndiye anayemchagulia mfumo. Kwa hiyo wapenzi wa Linux waache kubishana na wanafunzi mitandaoni, waende vibandani, wakae na mafundi, wawaonyeshe kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ili mteja ajaribu Wi-Fi, sauti na printa kabla ya kuamua. Fundi atauliza atakula nini kama virusi vitapungua. Jibu ni hili: ataongeza RAM, atabadili diski na betri, atahamisha mafaili. Na akishaipiga hiyo Linux atoze hela ileile anayotoza kwa Windows. Mimi ningemlipa bila kuomba punguzo.