Akiki Iliyojua Kuogelea

Najua wengi mmeshaipata habari ya mkufu wangu ukweni. Shoga yangu katuma sauti ya dakika nne kwenye grupu la vikoba: dakika tatu anacheka, moja anasimulia, na hiyo moja yenyewe kaitia chumvi ya kukaangia. Kwa hiyo naandika leo leo, uso ukiwa bado wa moto, ili tuelewane: sikulia. Na punje iliyoingia kwenye glasi ilikuwa moja, siyo mkufu mzima.

Jumamosi nilipelekwa Mbagala kwa wakwe watarajiwa. Asili yao Kilwa. Mwenzangu akafanya kosa la kunidokeza kwamba babu yao anapenda mazungumzo ya mambo ya kale. Wadau, mnanijua. Mimi ukinidokeza hivyo silali, nasoma mpaka adhana ya alfajiri. Tena nilikuwa na mkufu wangu wa shanga nyekundu, nimeununua Kariakoo sh 45,000, muuzaji kaapa kwa mama yake mzazi kwamba ni akiki, lile jiwe jekundu la thamani, ya kale kabisa, imetoka Kilwa Kisiwani. (Mnaocheka tayari, subirini, bado.)

Pilau ikaliwa, juisi ya ukwaju ikamiminwa. Babu akautazama mkufu. "Mjukuu wangu, umependeza. Shanga gani hizo?"

Ningejibu "shanga tu, babu," saa hizi ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Nikajiweka sawa kwenye mkeka, nikafungua darasa.

Nikaanzia India, Khambhat ya Gujarat, kwenye mafundi wa akiki. Nikarudi nyuma zaidi, Bonde la Indus, kwamba watu wa miji ya kale ya Harappa na Chanhu-daro walikuwa wakitoboa mawe haya zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, na shanga zao zimekutwa mpaka kwenye makaburi ya kifalme ya Ur, kule Iraki. Nikasema jiwe mara nyingi halitoki ardhini na wekundu ule. Linaanikwa juani, linafukiwa kwenye chungu cha majivu, linachomwa polepole mpaka chuma kilichomo ndani yake kigeuke rangi. "Ni kama kutu ya bati la choo, babu," nikasema. Watu wanakula. Mama mkwe akaweka kijiko chini.

Sikusoma alama za nyakati. Nikaonyesha kwa mikono jinsi fundi wa Khambhat anavyoegemeza jiwe kwenye ncha ya chuma iliyosimikwa ardhini, analigonga kwa nyundo ya pembe ya nyati, linabanduka vipande vidogo vidogo. Kisha tundu. Jamani, tundu ndiyo kazi! Mwanaakiolojia wa Marekani, Jonathan Mark Kenoyer, alijaribu kutoboa kwa keke yenye ncha ya jiwe kama ya wale wa Indus. Akawa anapata kiasi cha milimita 2.5 kwa saa. Ushanga wa sentimita 10 ni saa 40, tundu peke yake. Tena wanatoboa huku na huku wakutane katikati, ndiyo maana ukichungulia ushanga wa kale, mara nyingi unaona pale matundu mawili yalipokutana hapakunyooka vizuri.

Hilo la kuchungulia nililisema mimi. Kwa mdomo wangu. Bila kuulizwa.

Babu anatikisa kichwa, "ehee, ehee," mimi nazidi kuvimba. Nikapakia majahazi, nikayaleta na upepo wa kaskazi. Nikamtaja Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwamba shanga za Cambay, ndiyo Khambhat hiyo hiyo, zilipelekwa Sofala, pwani ya Msumbiji, kubadilishwa na dhahabu. "Dhahabu, babu! Watu walitoa dhahabu kwa ajili ya hizi!" Na kwenye neno "hizi" nikauvuta mkufu mbele aone vizuri.

Paa.

Uzi ulikuwa nailoni, ile ya kuvulia samaki. Shanga zikamwagika kwenye marumaru, zikadunda. Naomba mzingatie neno "zikadunda". Jiwe halidundi hivyo. Nyingine chini ya kochi, nyingine mlangoni, moja ikaruka juu, nikaiona inapanda, nikaiona inageuka, nikaiona inashuka taratibu mpaka ndani ya glasi ya babu. Chubwi. Ikazama kwenye ukwaju.

Nikashusha pumzi. Nikajisemea moyoni, angalau imezama.

Ikaibuka.

Haikuibuka kwa haraka, ingekuwa haraka pengine watu wasingeona. Ilikuja kama kiboko mtoni: kwanza kipara chekundu, kisha mabega, kisha ikakaa pale juu inazunguka zunguka, imeridhika na maisha yake. Sebule nzima kimya. Feni tu, krr, krr. Katoto ka wifi kakasogea, kakainama, kakatangaza: "Bibi, jiwe linaogelea!"

Babu akaitoa kwa kijiko. Akaifuta kwa kanzu. Akaigusisha kwenye meno yake mawili ya mbele, tik tik. Akafumba jicho moja akachungulia tundu (nilikufa hapo), akaielekeza dirishani, akaigeuza upande wa pili, akachungulia tena, hana haraka, kama daktari wa macho.

"Mjukuu wangu," akasema kwa upole, na upole wake ndio uliniua, "tundu limenyooka kama bomba la maji. Na ubavuni kuna mshono. Hii ina uvungu ndani. Sisi utotoni kule Kisiwani, mvua ikinyesha, tulikuwa tunaokota akiki zenyewe ufukweni. Zilikuwa baridi mdomoni. Na zilikuwa zinazama."

Mama mkwe akakimbilia jikoni na upande wa kanga mdomoni. Nikamsikia anacheka huko mpaka sufuria zikajibu.

Yaliyobaki ni machache. Tuliokota tulizoziona, katoto kakabaki na tano, nikarudi kwa bajaji bila kusema neno. Muuzaji nilimfuata Jumatatu, pale alipokuwa sasa kuna mtu anauza chaja.

Jumapili ijayo tumeitwa tena. Mwenzangu anasema babu kauliza swali moja tu: yule mwalimu anakuja mwenyewe, au linakuja boya lake peke yake?