Likizo ya Tanga, ramani ya simu na saa za maji

Kila mwaka, wiki chache kabla shule hazijafungwa mwezi Juni, mimi na mke wangu husubiri watoto walale, kisha tukaweka kompyuta juu ya meza ya chakula na kufungua ramani ya kidijitali ili tupange safari ya familia. Ninaamini kwa dhati kwamba chombo hiki kimewafungulia watu wa kipato cha kawaida nchi yao wenyewe kuliko tangazo lolote la utalii, kwa sababu mwalimu wa Temeke au fundi wa Kinondoni anaweza leo kuzitazama barabara, vituo vya mafuta, nyumba za wageni na fukwe bila kumlipa wakala hata senti. Hata hivyo nimejifunza, na safari iliyonifunza ni ile ya Lushoto, Tanga na Pangani, kwamba ramani hujua mahali palipo lakini haijui mahali hapo patakuwa na hali gani saa utakapofika, na kwamba anayeandika ratiba kwa kuzifuata saa za ramani peke yake amepanga nusu tu ya likizo yake.

Njia tuliyoichora ilikuwa hii: tutoke Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo hadi Msata, ambako tungeishika barabara kuu ya kaskazini bila kupita Chalinze, tupite Segera, Korogwe na Mombo, tupande Lushoto tulale siku tatu, kisha tushuke hadi Tanga mjini, tuyazuru magofu ya Tongoni, tuvuke Mto Pangani na kumalizia ufukweni Ushongo. Tuliitengeneza kwa ile huduma ya Google ya kujichorea ramani yako mwenyewe, iliyoanza mwaka 2007, ambayo huruhusu hadi matabaka 10 katika ramani moja. Kila siku tuliipa tabaka lake na rangi yake, na ndani ya kila alama tukaandika namba ya simu ya mwenyeji, bei tuliyotajiwa na jina la mtu aliyeitaja. Nawasihi wasomaji wafanye hivi badala ya kuandika orodha kwenye daftari, kwani katika ramani siku iliyojazwa kupita kiasi huonekana kwa macho. Siku yetu ya nne ilikuwa na alama tisa za rangi nyekundu, ilhali siku ya pili ilikuwa na mbili tu. Mke wangu aliitazama kwa muda, akasema, "Baba Neema, hii siku ya nne tutawatesa watoto." Tukaziondoa alama nne palepale.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuyaamini makadirio ya mwendo. Ramani ilihesabu kilomita za barabara kuu kana kwamba ni uwanda mtupu, wakati msafiri anayeijua njia hiyo anajua kwamba kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa, kina matuta, na mara nyingi kina askari wa usalama barabarani mwenye tochi akisubiri chini ya mwembe. Anayekimbizana na saa ya kufika iliyoandikwa kwenye kioo cha simu huishia kulipa faini ya shilingi 30,000, na lililo baya zaidi ni kwamba anahatarisha maisha ya watoto wanaovuka barabara kutoka shule. Ongeza kusimama kula, kusimama kujisaidia, na lori lililobeba mzigo mzito likipanda kilima mbele yako mahali ambapo mstari wa barabara hauruhusu kulipita. Tangu safari ile, kila saa nne za ramani sisi huziandika sita, na mpaka sasa hatujawahi kufika tukiwa tumechelewa.

Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi. Ukizitazama katika ramani utadhani ni mwendo wa kumalizia siku, jambo ambalo ndilo tulilolifanya, tukaianza njia ile jua likiwa limeshaegemea. Barabara ni ya lami, lakini ni nyembamba, imekatwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba na upande wa pili korongo, na basi linaloshuka hupiga honi kabla ya kona ili anayepanda ajibanze. Kabla ya kuyafikia maporomoko ya Soni tulikuwa tumeshasimama mara mbili ili mtoto wetu wa mwisho atapike, na ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Hakuna aliyefurahia mandhari ambayo kwa ajili yake tulikuwa tumesafiri siku nzima.

Kesho yake, tukiwa tumesimama juu ya jabali la Irente, nilielewa vizuri zaidi upungufu wa ramani bapa. Pale juu unaiona Mazinde chini yako, mashamba ya mkonge yamepangwa kama mistari ya daftari, na barabara kuu ikipita kama uzi. Kwenye simu, Irente na Mazinde ni majirani. Kidole kimoja kinazifunika zote mbili, na katika rasimu yetu ya kwanza tulikuwa tumezipanga siku moja tukidhani tutashuka mara moja na kurudi. Kati yake kuna ukuta wa mlima, na anayetaka kufika kwa gari hana budi kurudi Lushoto, kuteremka kona zote hadi Mombo, kisha kuishika barabara kuu. Kwa hiyo kabla ya kuunganisha alama mbili katika nchi ya milima, washa kwanza tabaka linaloonyesha miinuko. Kubonyeza kidude hicho huchukua sekunde moja.

Tanga mjini hapana mengi ya kusimulia kuhusu upangaji, kwa kuwa Mapango ya Amboni yako kilomita chache tu kaskazini ya mji na njia yake ni rahisi. Tongoni ndiko kulikotufungua macho. Magofu haya yako kusini ya Tanga, kando ya barabara ya Pangani, nayo yana msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yanayoutazama mkono wa bahari wenye mikoko. Mwaka 1498, meli ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama juu ya mafungu, yaani sehemu za bahari zenye kina kifupi, ya pwani hii ya Mtang'ata kabla ya alfajiri, ikasubiri maji yajae ndipo ikaelea tena. Waliporudi mwaka 1499 waliichoma moto papa hapa, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Niliwasimulia watoto habari hiyo huku maji yakiwa yametoka na matope ya mikoko yakimetameta mbele yetu. Binti yangu aliuliza kwa nini wageni wale hawakuona kwamba ni fungu. Nilimjibu kwamba maji yakijaa fungu halionekani, na kwamba wenyeji walilijua.

Jibu hilo nilikuwa nimelipata kwa njia ya simu mwezi mmoja kabla. Miongoni mwa alama zetu za Ushongo ilikuwamo Maziwe, ambayo ramani zinaiita kisiwa. Zamani kilikuwa kisiwa kweli chenye miti, na kasa walitaga mayai yao kwenye mchanga wake. Leo miti yote imekwisha, na kilichobaki ni fungu la mchanga mweupe linaloibuka maji yanapokupwa na kuzama yanapojaa. Tulikuwa tumekipangia Jumanne mchana kwa sababu tu Jumanne mchana ilikuwa wazi katika tabaka letu. Nikampigia nahodha mmoja mzee wa huko ili niweke nafasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mnakuja mwezi gani?"

Nikamwambia Juni.

"Siulizi mwezi huo. Nauliza mwezi wa juu, utakuwa wa ngapi?"

Sikuwa na jibu, naye hakuniharakisha. Alinieleza kwa utulivu kwamba siku tuliyoichagua ingeangukia maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala hayakupwi sana, fungu lingetoka kidogo tu, tena alasiri, wakati kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma na mawimbi yamekuwa makubwa, na watoto wangelowa na kuogopa bure. Akasema tuje mwezi wa juu ukiwa wa siku kumi na tano au kumi na sita, siku za bamvua, ambapo maji hukupwa sana mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi na bahari bado imetulia. Tuondoke ufukweni saa mbili na nusu, tukae mchangani, turudi kabla maji hayajaanza kulifunika fungu. Nilipoandika saa hizo kwenye simu, nilijikumbusha kuzibadili, kwa kuwa saa mbili na nusu ya nahodha ni 8:30 katika programu, na najua familia iliyokosa chombo kwa sababu ya tofauti hiyo ndogo.

Tulifungua upya ramani usiku uleule. Hatukuweza kuusogeza mwezi, basi tukaisogeza safari yote mbele kwa siku tano, ili siku ya Maziwe iangukie bamvua, na mengine yote yapangwe kutoka hapo kurudi nyuma. Tangu wakati huo ndivyo tunavyoshauri watu: anza na lile jambo moja katika safari ambalo halimsubiri mtu, liwe ni maji ya bahari, siku ya gulio au msimu wa wanyama kuhama, uliweke kwanza kwenye ramani pamoja na saa yake, kisha mambo yanayoweza kusubiri yajipange kulizunguka.

Bado tulikosea jambo moja. Wakati huo gari lilivuka Mto Pangani kwa pantoni tu, kutoka mjini kwenda Bweni, na ramani ilikuwa imeuchora uvukaji huo kwa mstari mfupi na kuuhesabia dakika chache. Mto ni mwembamba kweli na chombo huvuka upesi, lakini mstari hauonyeshi foleni. Tulikuwa nyuma ya malori, na tulipofika ng'ambo jua lilikuwa limezama. Katika giza, sauti ya simu ilituambia tukunje kushoto, tukakunja, na taa za gari zikamulika minazi na njia ya baiskeli iliyoishia kwenye ua wa mtu. Mama mmoja alitoka na kandili, akatusalimu, akamtuma kijana wake aketi mbele na mimi hadi kwenye njia sahihi. Kijana yule hakutazama simu hata mara moja.

Nisieleweke vibaya kwamba naidharau teknolojia. Pakua ramani ya eneo zima ukiwa nyumbani, kwa sababu kuna mabonde ya Usambara ambamo mtandao haupatikani hata ukiwa na bando la kutosha. Ishara za setilaiti zinazoionyesha simu mahali ilipo hazihitaji intaneti, kwa hiyo alama yako itaendelea kutembea juu ya ramani uliyoihifadhi. Fahamu pia kwamba ramani iliyohifadhiwa ya Google hukuelekeza kwa gari tu, haikuelekezi kwa miguu, na likizo ya Lushoto ni ya kutembea. Kwa vijia vya msituni sisi tulitumia programu ya OsmAnd, inayochota taarifa zake kutoka OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuiongezea na kuisahihisha.

Hapo ndipo penye hoja ninayotaka tuijali zaidi. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam, wanafunzi wa vyuo vikuu wakishirikiana na wakazi kuchora mitaa, mitaro na maeneo yanayofurika, na ramani ya mitaa ile ikawa bora kwa sababu waliokaa humo ndio walioiandika. Pwani yetu na milima yetu vinahitaji kazi hiyohiyo. Ramani haikujua kwamba Maziwe huzama kwa sababu aliyeijaza pengine aliitazama picha ya angani iliyopigwa saa ya maji kupwa, akaondoka. Haikujua kwamba njia ile ya Bweni ni ya baiskeli kwa sababu hakuna aliyepita pale akajisumbua kusema. OpenStreetMap ina nafasi ya kuandika aina ya njia, hali ya barabara, hata saa za kazi za kivuko; nafasi hizo ziko tupu zikimsubiri mtu aliyefika. Tuliporudi Dar es Salaam niliitenga jioni moja, nikaibadilisha njia ya kwenye minazi iwe njia ya baiskeli, na mke wangu akasahihisha majina mawili ya vijiji yaliyokuwa yamekosewa herufi.

Mwaka huu tunakusudia kwenda Kilwa, na Kilwa Kisiwani nako huendewa kwa chombo. Ramani tumeifungua tangu juzi. Tabaka la kwanza halina barabara hata moja bado. Lina alama moja tu gatini Kilwa Masoko, na ndani yake tumeandika tarehe za mwezi mpevu na namba ya simu ya nahodha, ambaye nitampigia kesho baada ya swala ya alasiri, kwa kuwa asubuhi huwa baharini.