Bata anaonewa

Rafiki yangu mmoja, mtu wa Tanga, huwa tunavua naye samaki kwenye maziwa ya jimbo la Michigan, Marekani. Juzi tulipopandisha mashua kwenye trela nikamwambia tutoe kwanza yale majani yaliyonasa kwenye ekseli. Akacheka, akaninyooshea kidole bata waliokuwa wakiruka: "Na wale, kaka, nani atawaosha?"

Hoja hiyo naisikia kila siku: ya nini kusafisha mashua, wakati bata ndio wanaosambaza kome wavamizi kutoka ziwa moja hadi jingine? Kome pundamilia, wale wadogo wenye gamba la mistari, walionekana Ziwa St. Clair, mpakani mwa Michigan na Kanada, mwaka 1988, wakiaminika kuja na maji ya kusawazishia meli kutoka Ulaya. Tangu hapo wanaziba mabomba na kuchuja maji mpaka samaki wachanga wanakosa chakula. Lawama? Bata.

Sisemi bata ni malaika. Mwaka 1878 Charles Darwin aliandika habari za bata aliyepigwa risasi Massachusetts akiwa na kome wa maji baridi amembana kidole cha mguu. Lakini huyo alikuwa kome wa jamii nyingine, mwenye tabia ya kubana. Kome pundamilia hujishikiza kwa nyuzi, tena kwenye kitu kilichotulia. Mabuu yake madogo yanaweza kunasa kwenye manyoya, ila yakikauka angani yamekwisha. Na hata wakifika wawili watatu, mayai na mbegu hukutana majini. Ziwani wakitawanyika, hakuna ndoa.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko Ayalandi. Kome hawa walishafika London mwaka 1824. Bata wanavuka bahari kati ya Uingereza na Ayalandi kila mwaka, bila pasi wala forodha, na kwa zaidi ya miaka 160 hawakufanikiwa kuwapeleka. Mwaka 1993 kodi ya ongezeko la thamani kwenye mashua za mitumba kutoka Uingereza ikaondolewa. Watu wakachangamkia bei, mashua zikavushwa na uchafu wake chini. Mwaka 1997 kome wakagunduliwa mto Shannon. Miaka minne tu! Kazi iliyowashinda bata kwa karne na nusu, trela na feri ziliimaliza kabla mtoto hajaanza shule.

Siku ile nilivuta utepe mmoja wa majani kutoka kwenye ekseli yetu, nikamwekea rafiki yangu kiganjani. Tukahesabu kome 11, wakubwa kama punje za mahindi. Bata mwenye mzigo huo miguuni mimi sijamwona bado.